Wimbo Nilioupachika Jina la Chelangat

Ruth, tuliyesoma naye shule moja, alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nasahihisha daftari za hesabu za kidato cha pili, na hakunisalimia. Alisema tu, "Adhi, Chelangat ameenda." Mimi kwa ujinga nikamuuliza ameenda wapi. Nilikuwa nimeelewa, lakini ulimi ulitangulia. Ruth akasema ni sukari, ilikuwa imemsumbua kwa muda mrefu, mazishi ni Ijumaa kwa mumewe upande wa Litein, na kama ninaenda atanipitia na gari lake. Nikasema ninaenda. Nikarudi kwa zile daftari, nikasahihisha tatu nzima kabla ya kugundua kwamba nilikuwa nikitia alama ya kosa kwenye majibu yaliyo sahihi. Nikazifunga. Zaidi ya miaka thelathini nimeishi na jina la huyu mwanamke kooni kama mwiba wa samaki, haumezeki wala hautemeki. Nilidhani siku akitangulia mmoja wetu, mwiba utateremka wenyewe. Haukuteremka. Basi acha niseme, maana nimechoka.

Ulikuwa mwaka wangu wa kidato cha tatu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule ya bweni ya wasichana iliyozungukwa na majani chai pande tatu. Shule yenyewe sitaitaja. Walio humo leo hawana hatia. Chumba chetu cha muziki kilikuwa zamani stoo ya mbolea, na kila alasiri mvua ikianza, na huku kwetu mvua ya alasiri haikosi, harufu ya mbolea ilipanda kutoka sakafuni ikatukaa puani mpaka chakula cha jioni. Mlikuwa na ngoma mbili, ubao uliochorwa mistari mitano kwa rangi nyeupe, na kinanda cha kukanyaga kwa miguu ambacho panya walikuwa wametoboa mfuko wake wa hewa, kikawa kinahema kuliko kinavyolia. Tuliochukua muziki kama somo la mtihani tulikuwa saba. Walimu wengine walituuliza mbele ya darasa zima tutamwimbia nani tukiwa na njaa. Mwalimu Barasa peke yake ndiye aliyetuchukulia kama watu wenye kazi. Alikuwa kijana wa kutoka Bungoma, mwaka wake wa kwanza kufundisha, mwembamba, mwenye koti moja, na alipenda kusema, "Wasichana, sikio ni kiungo kama mguu. Usipolitembeza litakufa ganzi." Tulimpenda wote saba. Simaanishi mapenzi ya barua. Namaanisha angetuambia noti imekwama juu ya mti, tungeupanda.

Chelangat alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na sikio. Akiimba, hata wapishi waliacha kukoroga. Sauti yangu mimi ilikuwa ya kawaida tu, ya kujazia mstari wa nyuma, lakini wimbo nikiusikia mara moja siusahau, mpaka leo, na si jambo la kujivunia, mtaona. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Siku ya wazazi mama yake alileta kibuyu cha mursik, maziwa yao Wakipsigis ya kugandishwa yenye rangi ya majivu, na mimi nililetewa omena wa kukaangwa, dagaa wa ziwani, ambao bweni zima liliwalalamikia kwa harufu. Chelangat alikula omena wangu kwa mursik wake, mbele ya wote, akiwaangalia machoni. Baba yangu alikuwa karani wa kupima majani katika shamba moja la chai, kwa hiyo mimi ni Mjaluo niliyezaliwa kwenye chai, Kikipsigis nakisikia kama wao, na bado hawakuacha kunitania. "Sema shule," Chelangat aliniambia. "Sule," nikasema makusudi. "Na wewe sema bado." "Pato," akajibu, akajikunja kwa kicheko mpaka kitanda kikalia. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine wa namna hiyo. Nimekuwa na marafiki wazuri, wengine wamenizikia wazazi, lakini wa namna hiyo, la.

Likizo ya Desemba kabla ya mwaka ule, Chelangat alipelekwa. Leo tunalo neno lake, ukeketaji, na ni kosa la jinai, na mimi nashukuru. Wakati ule wasichana walisema tu "ameenda kwa sherehe", na wengi wetu katika shule ile, watoto wa watu wa kanisa, tulikuwa tumepona. Alirudi Januari akiwa mpole, anakaa kwa uangalifu, hacheki kwa sauti. Nilimuuliza mara moja tu. Alisema, "Adhi, kuna vitu vya huko niliapishwa. Usiniulize, nisije nikakukatalia." Kisha akaniambia jambo lililokuwa moyoni mwake kweli. Alikuwa amefanya mapatano na babake: yeye akubali sherehe bila kelele, na babake amwache amalize kidato cha nne. Tayari kulikuwa na mtu anamtaka, mwenye ng'ombe. "Nikimaliza fomu foo nitaenda chuo cha ualimu, nifundishe muziki," alisema. "Baba amesema neno lake ni moja, mradi nisimtie aibu." Alilisema hili la aibu kwa haraka, kama kitu kisichoweza kutokea.

Muhula wa pili ni wa tamasha za muziki. Mwalimu Barasa aliamua tutapeleka ngoma ya asili ya Wakipsigis, na Chelangat akawa mwimbishaji, mbele kabisa, njuga miguuni na ushanga shingoni. Tulikuwa na nyimbo tatu za mavuno na za harusi, nzuri tu, ila kila shule ya eneo lile ilikuwa nazo hizo hizo. Mwalimu akatuambia tumtafutie wimbo ambao waamuzi hawajawahi kuusikia. "Waulizeni kina nyanya zenu," alisema. "Kwetu mimi, mtoto wa kiume anaimbiwa njiani wiki nzima kabla ya kisu, kila mtu anaitikia, hata anayepita kununua chumvi. Hizo ndizo nyimbo zenye damu. Nileteeni za namna hiyo." Hakujua alichokuwa anaomba. Kwao wimbo wa jando ni wa barabara nzima, na hakuwaza kwamba wako watu ambao wimbo kama huo hauvuki ua. Nami Mjaluo, ambao hatuna jando kabisa, ningelijua wapi?

Kila Jumamosi saa nne nilikuwa na siri yangu. Mpishi wetu mkuu, mama mzee tuliyemwita Kogo Raeli, yaani bibi, alinihifadhia ukoko wa ugali. Jikoni wanafunzi hawakuruhusiwa kukanyaga, hivyo nilipitia nyuma, nikasimama kwenye ukuta wa mabati wa stoo ya maharagwe mpaka anipitishie mkononi ukoko uliofungwa kwa gazeti. Jumamosi moja nilifika mapema. Yeye alikuwa ndani, peke yake, anachambua maharagwe kwenye uteo. Nilisikia mawe yakidondoka kwenye mkebe. Na alikuwa anaimba. Sauti ilikuwa ya chini sana, inashuka hatua nne, inapumzika pasipotegemewa, halafu inapanda tena polepole kama mtu anayebeba maji. Baadhi ya maneno sikuyaelewa, yalikuwa Kikipsigis cha kale. Nilisimama pale na baridi yangu mpaka akaurudia mara tatu. Wimbo wenyewe sitauandika hapa, hata mstari mmoja. Alipotoka na ukoko alishtuka kunikuta, akaniuliza, "Umekaa hapa tangu saa ngapi?" Nikasema nimefika sasa hivi. Akanitazama, akanipa gazeti langu, akasema niende.

Jumatatu nilimwimbia Mwalimu Barasa. Alivua miwani. Alinifanya nirudie, akaandika noti ubaoni, akasema mbele ya wale watano waliokuwepo, "Adhiambo, una sikio la dhahabu." Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo kabla ya siku ile, wala tangu hapo. Kisha akachukua fomu ya tamasha, maana kila ngoma ya asili ilitakiwa kuonyesha chanzo chake, akauliza, "Nani amekufundisha?" Kama ningesema Kogo Raeli, ningeulizwa nilikuwa nafanya nini nyuma ya jikoni, na ukoko wangu ungeisha, na pengine kazi ya yule mama. Sikufikiri hata dakika. Nikasema, "Chelangat, mwalimu." Siku hiyo Chelangat alikuwa zahanati na homa. Nilidhani namfanyia hisani, jina lake lisomwe mbele ya wilaya nzima. Wallahi, nilidhani hivyo. Mwalimu akaandika.

Alipotoka zahanati na kuusikia kwenye mazoezi, Chelangat alisimama katikati ya duara, njuga zikanyamaza. Alinivuta nyuma ya choo cha kidato cha kwanza, akanishika mabega. "Umetoa wapi huo wimbo?" Nikasema, kichwani. "Adhi, uache. Tafadhali." Nikamuuliza kwa nini. "Siwezi kukwambia kwa nini. Hata hiki nimesema kimezidi. Uache tu, mwambie mwalimu umesahau." Nami, kichwa kimejaa dhahabu ya Mwalimu Barasa, nikamwambia neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Nilimwambia, "Huo ni wivu. Mara moja tu nimesifiwa mimi, na wewe umeshindwa kuvumilia." Aliachilia mabega yangu. Hakulia. Alikwenda kwa mwalimu akaomba atolewe kwenye ngoma, anaumwa, na mwalimu, aliyekuwa mtu mwema lakini kijana, akamwambia mwimbishaji hajitoi wiki tatu kabla ya tamasha, akijitoa mzazi wake ataitwa. Babake ndiye mtu wa mwisho aliyetaka aitwe. Akarudi kwenye mstari. Nilipewa mimi nafasi ya kuanzisha wimbo ule, na yeye akacheza mbele amefunga mdomo.

Mvua ilipotufukuza uwanjani, mazoezi yalihamia bwalo la chakula, meza zimesukumwa ukutani. Kati ya bwalo na jiko palikuwa na dirisha la kugawia chakula. Nilipoanzisha wimbo nilimwona Kogo Raeli akija pale na mwiko mkononi, ugali umemganda mpaka kwenye kiwiko. Alinitazama mpaka ubeti wa kwanza ukaisha. Sikuona hasira, niliona hofu, na sikuielewa. Halafu akateremsha ubao wa dirisha taratibu, akapiga kufuli upande wake. Jumamosi iliyofuata nilienda ukutani nikangoja mpaka kengele ya saa tano. Hapakuwa na ukoko.

Siku ya tamasha ya wilaya ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wazazi walikuja na wazee wao kwa sababu ngoma za asili ziliwavuta, na safu za mbele upande wa kushoto walikaa akina mama wa makamo na wazee, wenye vitambaa kichwani na mikoba ya plastiki mapajani. Msemaji akasoma fomu kwa kipaza sauti: jina la shule, jina la mwalimu, na kisha, "Wimbo wa pili umefundishwa na mwanafunzi Chelangat, wa kidato cha tatu." Nilikuwa nyuma yake. Niliona shingo yake ikikakamaa. Aligeuza uso kidogo tu, akaniangalia, na hapo akajua yote. Ngoma ikapigwa, na miguu yetu ikaanza. Wimbo wa kwanza walitushangilia. Wa pili nilipouinua, palitokea kimya cha ajabu upande ule wa kushoto. Mama mmoja akasimama. Akavuta kitambaa chake akafunika uso. Wengine wakasimama, mmoja baada ya mwingine, wakatoka kwa njia ya katikati, na mmoja alipopita mbele ya jukwaa alitema mate chini, mbele ya miguu ya Chelangat. Wanaume waliobaki waliangalia viatu vyao. Waamuzi, watu wa kutoka mbali, walidhani akina mama wanawahi mvua. Walitupa nafasi ya kwanza, wakasema ngoma yetu ina uasili. Mwalimu Barasa alitukumbatia huku akilia kwa furaha.

Katika basi Chelangat alikaa peke yake. Tulipofika, aliningoja mlangoni pa bweni. "Sasa ni wewe tu," aliniambia. "Mimi nikisema sikufundisha, nani ataniamini? Wewe sema. Sema ulisikia mahali. Nitakuwa kando yako, nitakushika mkono." Hapo ndipo alinieleza, kwa maneno machache, kwamba wimbo ule ni wa kule walikofungiwa baada ya kisu, kwamba hauimbwi penye mwanamume wala penye mtu asiyepita humo, na aliyeutoa nje amewatoa mama zake wote uchi. Niliomba msamaha, nikalia, nikasema nitasema. Nilikusudia kusema. Asubuhi, kabla ya chai, Kogo Raeli alinikamata kwenye mfereji. Mikono yake ilikuwa inanuka moshi. "Mwanangu," alisema, "niliyekuwa naye kule tukiwa wasichana alikufa wiki ile uliponisikia. Niliimba kwa ajili yake. Nilijua niko peke yangu." Akashika sweta yangu. "Nina wajukuu wanne wanakula kwa huu mwiko. Wakijua ni mimi, hakuna mama atanikaribisha kwake hata kwa maji, na nitazikwa kama mbwa. Usinitaje." Nikamuahidi na yeye.

Kulikuwa na jambo la tatu, na hili sitambebesha mtu mwingine. Ilikuwa miaka mibaya kwa watu wetu wa kutoka ziwani. Upande wa Londiani na Fort Ternan watu walikuwa wamechomewa nyumba, na kwetu katika laini za nyumba za wafanyakazi Mama alikuwa ameshafunga vyombo vizuri ndani ya magunia, na Baba alilala na viatu. Nilijiambia: wakisikia ni Mjaluo aliyeiba siri ya mama zao akaiuza jukwaani, watakuja kwa nani? Huenda nilikuwa na haki ya kuogopa. Nimelipima jambo hili maisha yangu yote na bado sijui. Ninachojua ni kwamba niliogopa kwanza, hizo sababu nikazitafuta baadaye.

Walikuja siku ya tatu. Babake Chelangat, amevaa koti la kanisani, na akina mama wawili wazee. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na zulia jekundu na kabati la vikombe vya ushindi, na kile kipya chetu kilikuwa mezani bado. Mwalimu mkuu alikuwa mama mkali wa kanisa, aliyechukia sherehe zile kuliko dhambi nyingine yoyote, na nadhani angetutetea. Mwalimu Barasa, uso umeparara, alieleza alivyoandika fomu: wimbo uliletwa na Adhiambo, aliyesema amefundishwa na Chelangat. Mmoja wa wale akina mama akasema kwa Kikipsigis, "Huyu wa ziwani angeutoa wapi kama si kwa huyu wetu?" Mwalimu mkuu akanigeukia. "Adhiambo, nataka ukweli mbele ya Mungu. Ni Chelangat aliyekufundisha?"

Chelangat alikuwa kando yangu. Kama alivyoahidi, alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto na jasho. Nikasema, "Ndiyo, Madam."

Hakuuachilia mkono mara moja. Alingoja kidogo, labda niongeze neno. Kisha akautoa polepole, akaangalia babake, akaangalia zulia. Mwalimu mkuu akamuuliza kama ana la kujitetea. Nilijua analo, na nilijua angenitaja wakati wowote na mambo yangegeuka. Alisema, "Madam, naomba ruhusa niende nifunge sanduku langu." Babake akasema maneno yake kwa upole, hata hakupandisha sauti: shule ilikuwa imempa mtoto mdomo, sasa inatosha. Mwalimu mkuu alimsihi karibu saa nzima. Tulikuwa tumeshatolewa nje, tukasikia sauti zikipanda na kushuka nyuma ya mlango. Nilimkuta Chelangat bwenini anakunja sketi. Nikasimama mlangoni, sikuweza kuingia. Alinipa sabuni yake iliyobaki nusu, akasema, "Usiache muziki," akanipita na sanduku kichwani. Hata leo sijui kama alikuwa ananibariki au ananilaani. Kabla ya Krismasi alikuwa ameolewa na yule mwenye ng'ombe.

Ngoma yetu haikwenda mkoani. Mwalimu Barasa alihamishwa mwisho wa mwaka, na somo la muziki likafa pamoja na kile kinanda. Stoo ikarudishiwa mbolea. Kogo Raeli alipika mpaka akazeeka, akazikwa kwa heshima, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomlilia. Mimi muziki niliuacha muhula uleule. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Kanisani sifungui mdomo. Mara moja, miaka mingi iliyopita, nilimwona Chelangat soko la Litein, amebeba mtoto mgongoni, anachagua viazi. Alikuwa amekonda. Alikuwa anaimba chini chini kumbembeleza yule mtoto. Niliingia duka la karibu nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji, nikakaa humo mpaka akapita. Mwenye duka aliniuliza kama naumwa.

Ijumaa tulikwenda na Ruth. Tulitoka baada ya chai ya asubuhi tukafika umande haujakauka. Mahema ya bluu yalikuwa yamewekwa kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba, majani chai yakishuka nyuma yake mpaka mtoni. Waimbaji wa kanisa waliimba, na niliposikia walivyoigawa sauti, ya pili na ya tatu, safi kabisa, nikauliza ni nani mwalimu wao. Mama aliyekaa karibu nami akasema, "Si ndiye huyu tunazika." Nilishindwa kukaa. Nilikwenda nyuma ya nyumba walikokuwa wakipika wali na nyama, na pale binti yake mkubwa, Sharon, mwenye shingo ileile ya mamake, aliniletea kikombe cha chai. "Karibu, Anti. Wewe ndiye Adhi? Mama alikutaja. Alisema mlikula omena kwa mursik." Akatabasamu huku machozi yakimshuka. "Mama alikuwa na akili sana. Lakini alituambia shule aliacha mwenyewe, alichoka na vitabu. Mimi nilikuwa namkasirikia kwa hilo. Nilikosa karo ya chuo, nikamwambia kama wewe usingechoka na vitabu tungekuwa watu. Nilimwambia hivyo akiwa mgonjwa, Anti."

Niliweka kikombe chini. Nikamwambia mama yake hakuchoka na vitabu. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, ile fomu, ile ofisi, ule mkono, kama nilivyoeleza hapa, isipokuwa jina la mpishi. Wapishi walikuwa wanatuangalia. Sharon alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alijifuta uso kwa leso.

"Mama alijua ni wewe?"

"Alijua tangu siku ya kwanza."

"Na hakukutaja kwa hilo. Hata kwa sisi."

"Hakunitaja."

Alikunja ile leso magotini. Kule mbele mchungaji alikuwa anaita jamaa wa karibu waje kwenye jeneza. Sharon alisimama, akanyoosha sketi yake nyeusi, halafu akanigeukia. Hakuwa na ukali. Aliuliza kwa upole, nikaona anataka kunipatia udhuru, anataka niseme Mombasa, au ng'ambo.

"Na ulikuwa unakaa wapi, Anti, miaka hiyo yote?"

"Kericho," nikamwambia. "Hapo tu, Kericho mjini."